Mbu, Mlima na Mgonjwa

Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Methali hii hufundishwa shuleni kila mwaka, na wanafunzi huikariri upesi, lakini ni wachache wanaotua kuifikiri. Mwiba ni mdogo na tende ni kubwa. Kinachoungeuza mdogo kuwa mkubwa ni dharau. Ewe msomaji, insha hii yakusudia kukusimulia habari ya mwiba mmoja wenye mabawa, yaani mbu, na habari ya mwili uliopatwa na saratani, ukatibiwa, ukarudi nyumbani umechoka. Pengine waona kuwa mambo haya mawili hayana udugu. Lakini yalikutana katika historia ya Afrika ya Mashariki, na mahali pazuri pa kuufahamia mkutano huo ni nchi za Meru na Embu, katika miteremko ya mashariki na kusini ya Mlima Kenya.

Tuanze na nchi yenyewe, kwa sababu historia ya maradhi ni historia ya mahali. Nchi hizi zina umbo la ngazi. Juu kabisa upo mlima, wenye kimo cha mita 5,199, ambao Waembu huuita Kirinyaga na Wameru huuita Kirimaara. Chini ya theluji yake upo msitu. Chini ya msitu ipo nchi ya chai, kisha nchi ya kahawa na migomba. Ukizidi kushuka, ardhi huwa kavu na joto huongezeka, mpaka ufike Mbeere na Tharaka, ambako watu hulima mtama, mawele, kunde na mbaazi, na kufuga mbuzi na nyuki. Mwisho wa ngazi ni Mto Tana. Mji wa Embu na mji wa Meru imejengwa katikati ya mteremko. Mtu akiondoka asubuhi penye baridi ya kuvalia koti, aweza kufika kabla ya adhuhuri penye jua la kuchoma.

Ngazi hiyo ni ngazi ya mbu pia. Wajua kwamba malaria huletwa na vimelea, na kwamba vimelea hivyo hukaa kwanza ndani ya mbu jike wa jamii ya Anofelesi kabla hajaweza kumwambukiza mtu. Kukua kwao humo kwategemea joto. Katika nchi ya joto, siku kumi au kumi na mbili hutosha. Katika nchi ya baridi kiasi, huenda zikahitajika wiki tatu na zaidi, na mbu wengi hufa kabla muda huo haujatimia. Katika baridi kali vimelea havikui kabisa. Basi mbu wa mlimani aweza kuuma na kuwasha ngozi, lakini ni nadra kuwa na homa mdomoni. Mbu wa bondeni huuma vile vile, na mara nyingi zaidi huacha malaria nyuma yake.

Wenyeji wa zamani hawakuwa na kipimajoto wala darubini, lakini walikuwa na macho na kumbukumbu. Watu wa juu waliposhuka kubadilishana mazao yao kwa mbuzi, asali na nafaka za watu wa chini, walifahamu kwamba nchi ya chini ina homa, na kwamba mgeni huipata vibaya kuliko mwenyeji. Jambo hili la pili ni kubwa, nami nakusihi ulishike. Mtu aliyezaliwa bondeni, akaumwa na malaria mara nyingi utotoni asife, hupata kinga ya kadiri. Kinga hiyo haikupatikana bure: ililipiwa kwa makaburi ya watoto. Mtu wa mlimani hakuilipia, wala hakuwa nayo. Hivyo palikuwapo mstari usioandikwa katika miteremko ya mlima, na kila mtu mzima alijua kwamba kuuvuka ni jambo la kufikiriwa kwanza.

Ukoloni uliwavusha watu mstari huo bila ya kuwauliza. Waingereza waliishinda Embu kwa silaha katika mwaka 1906, na katika mwaka 1908 E. B. Horne, ambaye wenyeji walimwita Kangangi, alianzisha kituo cha serikali mahali ulipo mji wa Meru leo. Haikupita miaka mingi, Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ikawaka. Vijana wa nchi za baridi kuuzunguka mlima walichukuliwa pamoja na wengine wengi wa Kenya kuwa wapagazi wa jeshi, na katika mwaka 1917 uchukuzi huo wa nguvu ulizidi. Walibebeshwa mizigo katika nchi za joto za Tanzania ya leo, wakiwa na chakula kibaya na nguo haba. Maelfu kwa maelfu walikufa, na waliouawa na maradhi walikuwa wengi kuliko waliouawa na risasi: kuhara damu, homa ya mapafu, na malaria. Majina ya Kariokor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam yametokana na jeshi hilo la wapagazi. Wakati huo hakuna aliyeweza kusema kwamba kisa cha malaria hakijulikani. Kilikuwa kimekwisha julikana kwa karibu miaka ishirini.

Maana katika mwaka 1877, daktari mmoja kutoka Uskochi, Patrick Manson, alipokuwa akifanya kazi katika mji wa Amoy nchini China, aligundua kwamba vijidudu vya ugonjwa wa matende huingia na kukua ndani ya mbu. Hii ilikuwa mara ya kwanza kwa mdudu anayeuma kuonyeshwa wazi kuwa na sehemu katika maradhi ya mwanadamu ya namna hiyo. Manson ndiye aliyemwongoza na kumtia moyo Ronald Ross, ambaye tarehe 20 Agosti 1897, katika Secunderabad nchini India, aliona vimelea vya malaria ndani ya tumbo la mbu. Itazame tena methali yetu, msomaji. Waliotunga methali walisema kuwa jeraha dogo lililodharauliwa huleta tende; na sayansi ilipokuja, ikakuta kweli kwamba tende huanza kwa kitobo kidogo cha mbu. Kitobo hicho tutakirudia.

Habari ya ngazi yetu haikuishia hapo. Katika mwaka 1954, wakati wa hali ya hatari, serikali ya kikoloni iliwatumia wafungwa wa vita vya Mau Mau kuchimba mifereji katika tambarare ya Mwea, ambayo siku zile ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya ya Embu na leo imo katika Kirinyaga. Maji ya mito ya Thiba na Nyamindi yaligeuzwa, na nchi kavu ikawa mashamba ya mpunga. Mpunga huliwa na wanadamu, lakini maji yake yaliyotulia ni kitalu cha mbu, na mbu wakaongezeka mno. Hata hivyo watafiti waliochunguza vijiji vya Mwea baadaye walikuta jambo la kustaajabisha: katika baadhi ya vijiji vya mpunga, ambako mbu walikuwa wengi, malaria ilikuwa haba kuliko katika vijiji visivyo na mpunga. Sababu moja iliyotolewa ni kwamba mbu wa huko walikuwa wakila zaidi kwa ng'ombe kuliko kwa watu. Funzo ni kwamba wingi wa mbu peke yake haupimi hatari. Hatari hupimwa kwa kuuliza ni mbu gani, amebeba nini, na anamuuma nani.

Swali hilo la mwisho, anamuuma nani, ndilo lituingizalo katika habari ya saratani.

Katika mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa na mwenzake Hugh Trowell kumtazama mtoto aliyevimba taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alikuwa Muayalandi, aliyepoteza jicho moja utotoni. Hakujua ugonjwa ule. Muda mfupi baadaye, akiwa ziarani katika hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uvimbe wa namna ile ile. Mtoto mmoja wa ajabu aweza kuwa bahati mbaya; wawili huleta swali. Burkitt akafungua madaftari ya hospitali, akakusanya habari, na katika mwaka 1958 akaandika makala ya kwanza juu ya saratani ile, ambayo tangu hapo imeitwa kwa jina lake.

Kisha akafanya jambo ambalo wapasuaji wengi hawakulifanya: aliuliza ugonjwa unakaa wapi. Alituma barua na picha kwa hospitali za serikali na za misheni, akachomeka pini katika ramani ya Afrika kila jibu lilipofika. Pini zikajipanga kama mshipi uliolizunguka bara, kaskazini na kusini ya Ikweta, na mkia wake ukashuka katika pwani ya mashariki. Ndipo katika Oktoba 1961, yeye na madaktari wenziwe wawili wa misheni, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford lililonunuliwa kwa pauni 250. Walisafiri wiki kumi na maili 10,000 wakipita hospitali moja baada ya nyingine hadi kusini mwa bara. Katika kila hospitali waliuliza swali moja: Je, mmewaona watoto wenye uvimbe huu?

Walikuwa wakitafuta mpaka wa ugonjwa, na waliupata. Karibu na Ikweta, uvimbe ule ulikuwa nadra mahali palipozidi kimo cha futi 5,000 hivi, yaani mita 1,500. Kadiri walivyokwenda mbali na Ikweta, ndivyo mpaka ulivyoshuka. Mwanzoni walidhani kimo ndicho sababu. Kisha wakafahamu, kwa msaada wa Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi na mbu aliyekuwa Entebbe, kwamba sababu ni joto na mvua. Ugonjwa ulipenda mahali pa joto na penye mvua ya kutosha. Na ni nani mwingine apendaye joto na mvua? Jibu walijua hata watoto wa Mbeere. Mstari alioupata Burkitt kwa maili 10,000 ulifanana na mstari ambao wazee wa mlimani walikuwa wameuchora vichwani mwao kwa miaka mingi, walipojihadhari na homa ya nchi ya chini.

Wengi walidhani basi kwamba mbu hubeba virusi vya saratani, humuuma mgonjwa na kumwambukiza mzima. Dhana hiyo ilikuwa ya akili, lakini haikuwa kweli, na nataka uikumbuke vizuri ili usiirudie. Katika mwaka 1964, Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong, wakifanya kazi London kwa vipande vya uvimbe vilivyoletwa kwa ndege kutoka Uganda, waliona virusi vipya. Lakini ikadhihirika kwamba virusi hivyo huenezwa kwa mate, wala si kwa mbu, na kwamba watu walio wengi duniani huwa navyo bila ya kupata saratani. Mbu basi alikuwa na kazi gani?

Jibu lilitoka Kenya. Gilbert Dalldorf, mtaalamu kutoka Marekani, alifanya uchunguzi pamoja na Allen Linsell na wengine, na katika mwaka 1964 wakaeleza kwamba saratani hii hufuata malaria. Ilionekana zaidi katika nchi za kando ya Ziwa Viktoria na pwani, ambako malaria haina msimu, na ilikuwa nadra katika nyanda za juu. Kwa maneno mengine, mbu haleti saratani. Huleta malaria, na malaria ikimrudia mtoto tena na tena huudhoofisha ulinzi wa mwili wake na kuzichosha chembe za damu yake, hata virusi vilivyokuwa vimelala vikapata nafasi. Ushahidi uliongezeka. Katika Uganda, watu waliohamia mabondeni kutoka nchi za milima za Rwanda na Burundi walipata uvimbe huo wakiwa na umri mkubwa kuliko wenyeji, kwa sababu walikutana na malaria wakiwa wamechelewa. Katika mwaka 2012, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, Ufaransa, liliiweka malaria kali ya nchi zenye maambukizo ya kudumu katika orodha ya mambo yanayodhaniwa kwa nguvu kuleta saratani kwa binadamu.

Mpaka hapa tumemwona mbu akitangulia saratani. Sasa tumtazame akiifuata, maana hii ndiyo sehemu ya historia ambayo mara nyingi huachwa bila ya kusimuliwa.

Burkitt alikuwa mpasuaji, lakini kisu hakikuwafaa watoto wale, kwa kuwa uvimbe ulikuwa mahali pengi mwilini. Mashine za kutibu kwa mionzi hazikuwa karibu. Iliyobaki ilikuwa dawa, na dawa za saratani zilikuwa bado changa. Katika Kampala Burkitt, na katika Nairobi daktari Peter Clifford, walianza kuzitumia, na baadhi ya watoto ambao wangekufa katika wiki chache wakapona kabisa. Hospitali ya Nairobi iliyoitwa King George VI, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kenyatta, ikawa mahali pa majaribio makubwa. Katika mwaka 1961, Clifford na wenzake waliandika habari ya kuwapa wagonjwa dawa kali, na kisha kuwarudishia uboho wao wenyewe uliokuwa umetolewa mifupani na kuwekwa kando.

Kwa nini wautoe uboho na kuurudisha? Ukifahamu hilo, umefahamu kiini cha insha hii. Dawa za saratani huua chembe zinazozaliana upesi. Chembe za saratani ni za namna hiyo, lakini pia chembe za uboho, ambao ndio kiwanda cha damu. Dawa inapompiga adui humpiga na askari. Chembe nyeupe, walinzi wa mwili, hupungua sana, mara nyingi kati ya siku ya saba na ya kumi na nne baada ya dawa. Chembe zinazogandisha damu nazo hupungua. Katika siku hizo mgonjwa aweza kuonekana mzima, akaketi uani akazungumza, lakini boma lake halina mlinzi. Kitobo cha mbu, ambacho kwako ni kero ya dakika tano, kwake ni mlango ulioachwa wazi. Akijikuna kwa ukucha mchafu, bakteria huingia. Na damu yake, isiyoganda upesi, huvilia chini ya ngozi.

Wapo wengine ambao mlango wao hauko katika damu bali katika mkono. Mwanamke aliyekatwa uvimbe wa titi huenda akatolewa pia tezi za kwapani, au zikachomwa kwa mionzi. Tezi hizo na mishipa yake ndiyo mifereji inayoondoa maji ya mwili yaitwayo limfu. Mfereji ukizibwa, maji husimama, kama yasimamavyo Mwea. Mkono waweza kuvimba, mara baada ya miezi, mara baada ya miaka. Mbu akiuma mkono huo na kitobo kikaingia uchafu, ngozi hupata joto, huuma, hung'aa na kuvimba, na kila shambulio huiharibu zaidi mifereji iliyosalia. Nilikuahidi kwamba tutakirudia kitobo cha Manson. Ndicho hiki. Ugonjwa wa matende na uvimbe wa mkono baada ya saratani ya titi vina visa mbalimbali, lakini mishipa inayoharibika ni ile ile, na ulinzi wake wafanana: ngozi safi, na kutodharau mwiba.

Sasa mrudishe mgonjwa nyumbani. Kwa muda mrefu wagonjwa wa Meru na Embu walilazimika kwenda Nairobi kupata tiba ya saratani. Hospitali za misheni, kama ile ya Chogoria ambayo daktari Clive Irvine aliianzisha mwaka 1922, ziliweza kupasua na kuuguza, lakini kwa mionzi safari ilikuwa ya Nairobi. Siku hizi dawa za saratani hutolewa katika hospitali kuu za Meru na Embu, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini hospitali hizo ziko katikati ya ngazi. Mgonjwa wa Ishiara, wa Siakago, au wa Marimanti hupanda kutibiwa, kisha hushuka siku ile ile au kesho yake. Anashuka na boma lisilo mlinzi, akiingia nchi ya mbu wenye malaria, kabla tu ya siku zile za saba hadi kumi na nne. Anavuka ule mstari wa wazee katika saa mbaya kuliko zote. Hata kinga aliyoilipia utotoni haimlindi kama zamani. Naye mgonjwa wa juu, ambaye hakuwa nayo tangu mwanzo, akishuka kumtembelea ndugu katika siku hizo yuko hatarini zaidi.

Hatari kubwa humo ni homa isiyojulikana mwenyewe. Katika nchi ya chini, watu wakipata joto la mwili husema, "Ni malaria tu," wakanunua vidonge dukani, wakangoja. Kwa mtu mzima wa afya, hilo ni kosa. Kwa mtu aliyetibiwa saratani karibuni, laweza kuwa kifo. Joto lake likifika nyuzi 38, yawezekana ni malaria, na yawezekana ni bakteria walioingia katika damu isiyo na walinzi. Vyote viwili vyaua upesi, wala hakuna awezaye kuvitenga kwa kushika paji la uso. Mgonjwa huyo hangoji asubuhi. Hupelekwa hospitali saa ile ile, na neno la kwanza la anayemsindikiza liwe hili: "Huyu anatumia dawa za saratani." Neno hilo moja hubadili mambo yote yanayofuata.

Yaliyosalia ni madogo, nayo yako ndani ya uwezo wa nyumba yoyote. La kwanza ni chandarua chenye dawa, kisichotoboka, kilichochomekwa vema chini ya godoro. Usikione kuwa kitu cha kawaida. Katika wilaya ya Kilifi, kati ya mwaka 1993 na 1995, vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa kwa uangalifu, na vifo vya watoto wadogo vikapungua kwa kiasi cha thuluthi. La pili ni nguo ndefu tangu magharibi, hasa juu ya mkono uliofanyiwa kazi. Dawa ya kujipaka ya kufukuza mbu hufaa, ila haipakwi juu ya ngozi iliyochomwa na mionzi au iliyochubuka mpaka muuguzi aulizwe. Moshi wa majani na wa dawa za kuchoma, ambao bibi zetu waliutegemea, hupunguza mbu, lakini hukikereketa kifua kilicho dhaifu. Chandarua ni bora kuliko moshi. La tatu ni kumwaga maji yaliyosimama katika makopo, matairi na madimbwi ya uani.

Na mbu akiisha kuuma? Kitobo huoshwa kwa maji na sabuni, kikatulizwa kwa kitambaa cha maji baridi. Kucha hukatwa fupi ili mkono ukijisahau usingizini usijeruhi. Mgonjwa hatumii aspirini wala kidonge chochote cha kuazima, kwa kuwa chaweza kuzidisha kuvuja damu au kuficha homa. Mahali palipoumwa pakizidi kuvimba, pakapata joto, pakatoa usaha au pakaota mchirizi, hapo si mahali pa mafuta ya dukani. Ni mahali pa kuonyeshwa daktari siku ile ile.

Liko jambo moja zaidi, ambalo halitibiwi kwa chandarua. Wako watu wasemao kwamba mbu aliyemuuma mwenye saratani akimuuma mwingine humwambukiza saratani. Kwa neno hilo mgonjwa hutengwa, akala peke yake, akalala peke yake, katika siku ambazo amehitaji zaidi mkono wa kumshika. Wewe sasa wajua historia, na wajua kwamba wataalamu wenyewe waliwahi kudhani mbu hubeba saratani, wakaichunguza dhana yao, wakaiacha kwa kuwa haikuwa kweli. Mbu hapeleki saratani kutoka mtu mmoja kwenda mwingine. Mwanafunzi ajuaye hayo akanyamaza wakati jirani anatengwa, elimu yake ni taa iliyofunikwa na chungu.

Mstari ule wa mlimani haujafutika. Yamkini hata unapanda, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto, na mbu hufuata joto kama maji yafuatavyo mteremko. Wazee waliuchora kwa kumbukumbu ya misiba. Burkitt na wenzake waliuchora kwa pini na gari kuukuu. Kizazi chako kimeupokea ukiwa umechorwa tayari, nacho kina kazi iliyo nyepesi kuliko zao: kila mgonjwa anayeshuka kutoka hospitali ya Meru au ya Embu kwenda nchi ya chini, asishuke na dawa peke yake, bali ashuke na chandarua, na maarifa haya, na mtu wa nyumbani aliyeyasikia. Mwiba utakuwapo siku zote. Dharau ndiyo tuwezayo kuiondoa.